Pombe ya pakanga ina somo kwa watu wa mpakani

Mwaka jana shemeji yangu, ambaye amekaa Uswisi kwa miaka mingi, alikuja nyumbani kutusalimia. Katika mizigo yake alikuwa na chupa moja ya pombe kali ambayo mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuiona. Jioni tulipokaa barazani, mzee mmoja jirani yetu, ambaye kwa mambo ya kanyanga hahitaji mwalimu, alijimiminia nusu glasi akaiinua aimeze kavu, kwa mkupuo mmoja, kama ilivyo desturi ya wanywaji wa huku. Shemeji akamshika mkono. "Mzee wangu, nisamehe," akasema, "hii haimezwi hivyo. Ukiimeza hivyo itakuumiza, halafu utaisingizia."

Akaomba chupa ya maji baridi. Akatoboa kifuniko chake kwa msumari, akaanza kudondosha maji kwenye glasi, tone baada ya tone. Kinywaji kilichokuwa angavu kikaanza kutanda ukungu, mwisho kikawa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, na harufu ya shamari ikajaa baraza zima. Mzee akauliza swali moja tu: "Na huko kwao serikali inaruhusu?" Shemeji akacheka. Akajibu kwamba kinywaji hicho kilipigwa marufuku Uswisi kwa zaidi ya miaka 94, kuanzia Oktoba 7, 1910 hadi Machi 1, 2005, na kwamba katika miaka yote hiyo hakikukoma kupikwa.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Naomba nieleweke mapema. Mimi ni mwalimu, na siku zote nawaambia wanafunzi wangu wakae mbali na pombe. Sitaki kesho mzazi aje shuleni na gazeti mkononi aseme mwalimu anafundisha ulevi. Lakini historia ya kinywaji hiki ni historia ya mpaka, ya ushuru, ya magendo na ya watu waliorudi makwao na tabia mpya. Ni nani atakayeielewa kuliko sisi, tuliozaliwa upande huu tukakulia upande ule, na ninyi mnaovuka kila wiki na mizigo yenu?

Kinywaji chenyewe kinaitwa absinti. Mmea wake mkuu ni pakanga. Wasomaji wa Biblia wanalikumbuka jina hilo katika Ufunuo, sura ya 8, pale inapotajwa nyota iliyotia maji uchungu. Pakanga ina ndugu wengi. Mmoja wao ndiye aliyetupatia artemisinini, dawa iliyomo ndani ya dawa mseto ya malaria tunayoijua sote. Kwa hiyo tusiidharau familia hiyo ya majani machungu, maana imetibu wengi wetu.

Absinti ilianza kama dawa vilevile. Mwishoni mwa karne ya 18, katika kijiji cha Couvet, bonde la Val-de-Travers nchini Uswisi, watu walikuwa wakiuza maji ya pakanga kwa maumivu ya tumbo. Mtu mmoja aitwaye Dubied alinunua namna ya kuitengeneza, akafungua kiwanda pamoja na mkwewe, Henri-Louis Pernod. Wateja wengi walikuwa Ufaransa, ng'ambo ya pili tu ya mpaka, na ushuru wa forodha ulikuwa unakula faida. Pernod alifanya nini? Mwaka 1805 alihamishia kazi mjini Pontarlier, upande wa Ufaransa, ushuru usimguse. Wafanyabiashara wa mpakani mnaosoma hapa, hesabu hiyo hamhitaji kuelezwa.

Namna ya kuipika kwa njia ya asili haijabadilika sana. Majani makavu ya pakanga, mbegu za anisi na za shamari huloweshwa ndani ya pombe kali safi. Kisha huongezwa maji na vyote hutiwa kwenye chungu cha shaba, vikachemshwa taratibu. Mvuke hupanda, hupita kwenye mrija unaopozwa kwa maji, unatoka kama kimiminika cheupe angavu. Wa kwetu wanaojua mtambo wa gongo watasema, mbona ni uleule? Naam, ni uleule. Tofauti iko kwenye uangalifu. Mpishi hugawa kinachotoka mara tatu: kichwa, moyo na mkia. Kichwa na mkia huwekwa kando, moyo ndio unaonywewa. Uchungu wenyewe wa pakanga haupandi na mvuke, unabaki chini ya chungu. Ndiyo maana absinti iliyopikwa vizuri haichomi ulimi kwa uchungu. Ukikuta iliyo chungu kupindukia, ujue kuna mtu alilowesha majani tu akaruka kazi ya kupika.

Ile ya kijani hupata rangi yake baada ya hapo, kwa kuloweshwa hisopo na mimea mingine. Ni rangi ya majani, kwa hiyo ikikaa chupani miaka mingi hugeuka kuwa kama jani lililokauka. Kijani kinachong'aa kama rangi ya mlango ni rangi ya dukani.

Ilikuwaje basi dawa ya kijijini ikawa adui wa mataifa? Kwanza, askari wa Ufaransa waliopelekwa Algeria katika miaka ya 1840 walipewa absinti wachanganye na maji ili kujikinga na homa. Waliporudi kwao walirudi na kiu yake, wakaisambaza kwenye mabaraza ya Paris. Pili, katika nusu ya pili ya karne ya 19, mdudu aitwaye filoksera aliangamiza mizabibu ya Ufaransa. Mvinyo ukapanda bei, absinti ikashuka, maskini akahama kutoka chupa moja kwenda nyingine. Kufikia mwaka 1910 Wafaransa walikuwa wakinywa takriban lita milioni 36 za absinti kwa mwaka.

Pesa zikiwa nyingi, walaghai hawakosi. Viwanda vya uchochoroni vilichukua pombe mbovu, vikatia mafuta ya mimea bila kupika, vikaipaka kijani kwa chumvi za shaba na kuifanya itande weupe kwa kemikali ya antimoni. Mnywaji maskini hakununua absinti ya Pernod, alinunua hiyo. Akiumwa, lawama ilikwenda kwa pakanga.

Ndipo likatokea jambo la Agosti 1905. Katika kijiji cha Commugny, Uswisi, kibarua aitwaye Jean Lanfray alimpiga risasi mkewe aliyekuwa mjamzito, akawaua na binti zao wawili. Siku hiyo alikuwa amekunywa glasi mbili za absinti. Alikuwa pia amekunywa mvinyo kwa malita, konyaki, na kahawa iliyotiwa pombe kali. Lakini magazeti na watu wa vyama vya kupinga ulevi walishika zile glasi mbili. Wenye mashamba ya mizabibu, ambao walitaka wateja wao warudi, hawakuwa na sababu ya kusahihisha. Julai 5, 1908 Waswisi walipiga kura ya maoni, marufuku ikapita. Ufaransa ikafuata Machi 1915, katikati ya vita. Na ikumbukwe kwamba kabla yao wote, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, ng'ambo hii ya ziwa letu, ilikuwa imeshaipiga marufuku mwaka 1898. Mvinyo wa wakubwa haukuguswa popote.

Je, sayansi ilisemaje? Daktari mmoja wa Paris, Valentin Magnan, aliwapa wanyama mafuta matupu ya pakanga, wakapata degedege. Ni kweli kwamba ndani ya mafuta hayo mna tujoni, ambayo ikizidi ni sumu. Lakini mafuta matupu si kinywaji, kama vile chumvi gunia zima si mchuzi. Mwaka 2008 watafiti walichapisha vipimo vya chupa 13 za kale, za kabla ya marufuku. Wastani wa tujoni ulikuwa miligramu 25 kwa lita, chini ya kiwango kinachoruhusiwa leo Ulaya kwa vinywaji vya aina hiyo, yaani miligramu 35 kwa kilo. Kilichowaangamiza watu kilikuwa wingi wa pombe yenyewe, pamoja na uchafu wa walaghai.

Sasa fikiria, ndugu msomaji, kilichotokea Val-de-Travers baada ya marufuku. Wapishi hawakuacha kazi. Waliingia jikoni, kwenye vyumba vya kufulia na kwenye mabanda ya mifugo. Waliacha kuitia rangi ya kijani, wakapika nyeupe tupu, maana chupa ya kitu cheupe haimshtui askari. Chupa zikafichwa porini karibu na chemchemi, mpita njia anayejua akajitilia kidogo na maji ya pale pale. Mwaka 1983 Rais François Mitterrand wa Ufaransa alipotembelea Neuchâtel, mezani aliletewa kitindamlo kilichotiwa absinti, ikazuka kashfa kubwa hadi polisi wakaingia. Kitu kilichopigwa marufuku kilikuwa kimefika kwenye sahani ya rais!

Hatimaye wakakubali ukweli. Tangu Machi 1, 2005 absinti ni halali Uswisi, na Ufaransa iliifuta rasmi sheria yake ya 1915 mwaka 2011. Katika kijiji cha Môtiers, jengo ambamo zamani wapishi wa magendo walihukumiwa limekuwa nyumba ya makumbusho ya absinti tangu 2014. Leo kila chupa ina jina la aliyeipika, kipimo cha nguvu yake, na mkaguzi anayeweza kuifuatilia hadi mlangoni.

Kwa kuwa wengine mtauliza, niseme na namna inavyonywewa, maana hapo ndipo kiini kilipo. Absinti ina nguvu ya asilimia 50 hadi 70 na zaidi. Hakuna mtu mwenye busara anayeinywa kavu. Kipimo ni mililita 30, vijiko viwili vya chakula. Juu yake hutiwa maji baridi sana, mara tatu hadi tano ya kipimo hicho, polepole. Weupe unaotokea si uchawi. Mafuta ya anisi huyeyuka katika pombe lakini hayayeyuki katika maji, hivyo maji yakizidi yanajitenga kama ukungu, na harufu zote zinafunguka. Wafaransa huweka donge la sukari juu ya kijiko chenye matundu na kudondosha maji juu yake. Waswisi wengi hawatii sukari kabisa. Yule anayewasha moto juu ya sukari anafanya maonyesho yaliyobuniwa kwenye mabaa miaka ya 1990, wazee wa Pontarlier hawakuyajua. Glasi moja kabla ya chakula, mazungumzo, kisha watu wanakula. Glasi iliyochanganywa vizuri inabaki na nguvu inayokaribia ile ya mvinyo.

Yule mzee jirani yetu alikaa na glasi yake karibu saa nzima. Akasema hajawahi kukaa na pombe kali muda mrefu hivyo akiwa bado anakumbuka anachozungumza.

Kwa nini nawaeleza haya? Nilisoma ukimbizini, mkoani Kigoma, katika miaka ya 1990. Darasani nilikaa na rafiki ambaye baba yake alikuwa fundi cherehani hodari. Siku moja mzee huyo alikunywa gongo iliyonunuliwa vichakani. Kesho yake akasema anaona ukungu. Familia haikumpeleka zahanati. Waliogopa kuulizwa gongo ilitoka wapi, maana kujibu kulikuwa kukiri kosa na kumtaja jirani. Walimpa maziwa, wakamwambia alale. Walipompeleka siku ya tatu, macho yalikuwa yamekwisha. Rafiki yangu aliacha shule ili amshike baba yake fimbo. Mimi nilirudi nchini nikawa mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia hesabu.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba dalili zile zilikuwa za methanoli. Kwa kawaida haitoki kwenye ndizi au muhogo kwa wingi wa kupofusha. Mara nyingi hutoka kwa mtu aliyeongeza spiriti ya viwandani ili pombe iwe kali na nyingi. Haina rangi, na mlevi hawezi kuitofautisha kwa ladha. Dalili huja baada ya saa nyingi, na dawa ipo hospitalini iwapo mgonjwa atafikishwa mapema. Kwa hiyo yule mzee alipofushwa na sumu, lakini pia alipofushwa na ukimya.

Hapo ndipo wale Waswisi na sisi tunapokutana. Huku ni kanyanga, Tanzania ni gongo, Kongo ni lotoko, Kenya ni chang'aa. Tunamwaga madumu mbele ya kamera, tunapiga mitambo shoka, kesho yake mtambo mwingine unawaka ng'ambo ya mto. Marufuku haijakiua kinywaji. Imeua ujuzi wa kujua kilichomo ndani ya glasi, na imewafanya watu waogope kwenda hospitali.

Wapo watakaosema, basi turuhusu tu yaishe. La hasha! Kenya iliihalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, ile watu waliyoiita sheria ya Mututho, na bado mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli. Uganda nayo mwaka 2010 ilizika makumi ya watu huko Kabale kwa waragi yenye sumu hiyo hiyo. Kuandika ruhusa kwenye karatasi bila mkaguzi, bila kipimo na bila jina la mpishi ni kuufungua mlango na kuzima taa. Lakini Uganda hiyo hiyo ilitangulia kutuonyesha njia nyingine. Katika miaka ya 1960 iliweka utaratibu wa wapishi wa vijijini kuwa na leseni na kuuza pombe yao kwa kiwanda, ikapikwa upya na kusafishwa. Ndiyo asili ya chupa ya waragi inayojulikana leo.

Mimi napendekeza mambo matatu. Kwanza, sheria imtenganishe mpishi na mtia sumu. Mama anayepika kwa ndizi zake apewe njia ya kusajiliwa, kupimiwa na kuweka jina lake. Anayeongeza spiriti ya viwandani ashitakiwe kama mtu aliyetia sumu kisimani. Pili, mgonjwa wa pombe akifika hospitali asiulizwe maswali ya polisi kabla hajatibiwa. Hili halihitaji bajeti. Tatu, sisi wenyewe tubadili adabu ya kunywa. Anayekunywa achanganye na maji, ale, akae na wenzake, na asinunue asichomjua aliyekipika.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani nina ombi moja. Mnajua njia zote na mnajua dumu lipi limebeba nini. Dumu la spiriti linalovuka usiku likiwa halina jina, nyuma yake kuna fundi cherehani atakayeacha kushona na mtoto atakayeacha shule. Faida ya safari hiyo moja haitoshi kulipa macho hayo.

Shemeji amesharudi Uswisi. Chupa yake bado iko kabatini kwangu, imebaki zaidi ya nusu. Juzi yule mzee alipita akaniuliza kama maji ya baridi yapo. Nikamwambia yapo, lakini aanze na chakula.